Meko ya Gesi Inayowashwa kwa Simu: Themokapo, Rilei na Vali Katika Kifaa Kimoja

Katika mada ya joto ulijifunza themokapo. Katika mada ya sumakuumeme ulijifunza rilei. Watahiniwa wengi huvikariri vitu hivi kama ndugu wasiojuana: themokapo ni aina ya kipimajoto, rilei ni mchoro wa koili na miguso yake. Likija swali la matumizi, mtahiniwa anaandika "hutumika viwandani" na kuambulia alama moja kati ya nne. Makala haya yanachukua kifaa kimoja halisi ambacho ndani yake vitu hivyo viwili vinafanya kazi bega kwa bega, tena kazi ya kulinda uhai. Kifaa hicho ni meko ya gesi ya kuotea moto, iliyounganishwa na mfumo wa nyumba unaojiendesha. Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza, lakini wazo likikaa vizuri kichwani kwa Kiswahili, maneno ya Kiingereza hayatakusumbua.

Kifaa chenyewe ni cha nchi za baridi. Huko Marekani na Canada nyumba nyingi zina meko sebuleni, zamani ya kuni, siku hizi mara nyingi ya gesi. Ndani yake mna bomba lenye matundu ambamo gesi huungua, juu ya bomba kuna magogo ya bandia yasiyoungua, na mbele kuna kioo. Mwenye nyumba anabonyeza swichi ya ukutani, moto unawaka. Kisha zimekuja nyumba ambazo taa, kufuli na vipasha joto vyake hupokea amri kutoka kwenye simu janja, na mwenye meko naye anauliza: kwa nini nisiwashe moto nikiwa bado njiani, nikute sebule ina joto? Wewe uliyekulia Njombe au Mbeya, unayeijua Juni ilivyo huko, huwezi kumlaumu.

Lakini kuwasha taa kwa simu na kuwasha moto kwa simu ni mambo mawili tofauti. Taa ikishindwa kuwaka, umekaa gizani. Gesi ikifunguliwa na moto usiwake, nyumba imejaa kilipukaji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kuunganisha simu, tuulize kwanza meko yenyewe inajilindaje.

Mwali mdogo unaozalisha umeme

Fungua sehemu ya chini ya meko ya aina ya kawaida utaona mwali mdogo wa kudumu, mkubwa kidogo kuliko wa mshumaa, unaowaka usiku na mchana hata moto mkubwa ukiwa umezimwa. Kazi yake ya kwanza ni kuwasha gesi kubwa inapofunguliwa. Kazi yake ya pili ndiyo inayotuhusu: unazalisha umeme.

Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mwanafizikia wa Ujerumani, aliunganisha metali mbili tofauti kuwa kitanzi, akapasha moto kiungo kimoja na kukiacha kingine kikiwa baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye mwenyewe alidhani joto limezalisha usumaku moja kwa moja. Ukweli ni kwamba tofauti ya jotoridi ilikuwa imesukuma mkondo wa umeme katika kitanzi, na mkondo huo ndio uliogeuza dira, kama Ørsted alivyokuwa ameonesha mwaka mmoja kabla. Jozi hiyo ya metali ndiyo themokapo.

Tatizo la themokapo ni udogo wa volteji yake. Chukua jozi inayotoa mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi ya tofauti ya jotoridi. Ncha moja ikiwa ndani ya mwali na tofauti ikawa nyuzi 600, basi:

volteji = 41 × 600 = mikrovolti 24,600, yaani takribani milivolti 25.

Milivolti 25 haziwezi kufungua vali kubwa. Dawa yake unaijua tangu ulipojifunza seli za tochi: ziunganishe kwa mfululizo. Themokapo 20 za namna hiyo zikipangwa mfululizo ndani ya kijiti kimoja zinatoa 20 × 25 = milivolti 500, yaani nusu volti. Kijiti hicho huitwa themopaili. Ndicho mtambo wa kufua umeme wa meko nzima, na mafuta yake ni ule mwali mdogo.

Hapa pana jambo ambalo ningependa usilipite haraka. Meko ya aina hii haihitaji umeme wa gridi hata kidogo. Umeme ukikatika mji mzima usiku wa theluji, meko inaendelea kuwaka, kwa sababu inajitengenezea umeme wake.

Sumaku inayoshikilia vali

Sasa tazama vali. Njia ya gesi imefungwa kwa kizibo kinachosukumwa na springi. Hali ya kawaida ya springi ni kufunga. Unapowasha mwali mdogo kwa mara ya kwanza unabonyeza kitasa kwa kidole na kukishikilia nusu dakika hivi. Kidole chako kinafanya kazi ya kuishinda springi. Wakati huo mwali unapasha themokapo, umeme unaanza kupita katika koili ndogo, koili inakuwa sumaku, na sumaku inakishika kizibo. Ukiachia kidole, kizibo hakirudi. Ukiachia mapema mno, mwali unazimika na unaanza upya.

Zingatia kwamba sumaku hiyo haina nguvu ya kukivuta kizibo kutoka mbali. Ina nguvu ya kukishikilia tu kikiwa kimeshafika. Kwa hiyo upepo ukishuka kwenye bomba la moshi na kuuzima mwali, themokapo inapoa, mkondo unafifia, sumaku inaachia, springi inafunga gesi, na hakuna umeme wowote wa kawaida wa themokapo utakaoifungua tena. Lazima mtu aje apige magoti na kubonyeza kwa kidole. Ukiulizwa kwa nini mfumo huu ni salama, usiandike "kwa sababu una themokapo". Andika kwamba kinachohitaji nguvu ni kufungua, na kinachotokea chenyewe ni kufunga. Hapo ndipo alama zilipo.

Mlango wa pili ni vali kuu, ile ya moto mkubwa. Nayo inafunguliwa na koili, na koili hiyo inapata mkondo kutoka kwenye themopaili kupitia swichi ya ukutani. Sakiti nzima ni hii: themopaili, waya, swichi, waya, koili ya vali kuu, kurudi kwenye themopaili. Swichi ikifungwa, mkondo unapita na vali inafunguka. Mwali mdogo ukiwa umezimika, themopaili haina umeme, na hata ukibonyeza swichi hiyo mpaka asubuhi hakuna gesi itakayotoka.

Ukishaielewa sakiti hiyo, umeshajua mahali pa kuingiza simu: ni pale kwenye swichi. Wala usiguse themokapo, wala vali, wala bomba. Unaongeza swichi nyingine tu, ambayo badala ya kubonyezwa na kidole inabonyezwa na sumaku.

Swichi ya ukutani isiyo na umeme wa ukutani

Kwa macho, swichi ya meko inafanana kabisa na ya taa. Mara nyingi zimekaa ukuta mmoja. Fundi asiye makini anaweza kununua swichi janja ya taa, ile inayopitisha umeme wa gridi, na kuifunga mahali pa swichi ya meko. Hebu tupige hesabu ya kitakachotokea. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Tuseme ukinzani wa koili ya vali ni 3 Ω. Basi:

mkondo = 120 ÷ 3 = ampea 40
nguvu = 120 × 40 = wati 4,800

Koili iliyotengenezwa kwa nusu volti inaletewa joto la pasi nne. Kikata umeme cha nyumba kitaruka, ni kweli, lakini koili inaweza kuwa imeshaungua, na hakuna anayejua vali imebaki katika hali gani. Kwetu, kwenye volti 230, ingekuwa mbaya zaidi. Ipigie hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni rilei yenye miguso mikavu. Maana yake ni miguso isiyobeba umeme wowote kutoka nje. Upande wa koili ya rilei kuna umeme wa kifaa cha mawasiliano, kile kinachosikiliza amri za simu kwa mawimbi ya redio. Upande wa miguso kuna umeme mdogo wa themopaili peke yake. Kati ya pande hizo mbili hakuna waya. Kuna uga wa sumaku tu. Mwalimu anapokwambia rilei huwezesha sakiti moja kuendesha nyingine bila kugusana nayo, huu ndio mfano wake bora kuliko ule wa kuwasha injini ya gari ambao kila kitabu kinaurudia.

Umeme mdogo una shida zake pia, na hapa watungaji wa mitihani hupata swali zuri la ukinzani wa ndani. Tuseme volteji ya themopaili bila mzigo ni volti 0.6, ukinzani wake wa ndani ni 3 Ω, na koili ni 3 Ω.

Mkondo = 0.6 ÷ (3 + 3) = ampea 0.1
Volteji kwenye koili = 0.1 × 3 = volti 0.3

Sasa fundi anavuta waya mwembamba na mrefu hadi kwenye rilei, na miguso ya rilei ina kutu kidogo. Jumla, ameongeza 2 Ω.

Mkondo = 0.6 ÷ (3 + 3 + 2) = ampea 0.075
Volteji kwenye koili = 0.075 × 3 = volti 0.225

Ikiwa vali inataka angalau volti 0.25 ili ifunguke, haitafunguka. Mwenye nyumba atalalamika kwamba simu yake ina kasoro, kumbe simu haina hatia. Katika sakiti ya volti 120 hizo omu 2 asingeziona, lakini katika sakiti ya nusu volti zinazima meko nzima. Ndiyo maana mafundi hutumia waya mnene na kuufanya mfupi, na huchagua rilei yenye miguso ya metali isiyoshika kutu.

Mfululizo au sambamba?

Sasa tuna swichi mbili: ya kidole ukutani na ya sumaku ndani ya rilei. Tuziunganishe vipi? Swali hili linaonekana dogo, lakini kwangu ndilo kiini cha somo lote.

Ukiziunganisha sambamba, yoyote kati yake ikifungwa, meko inawaka. Ni rahisi na inapendeza. Mgeni asiye na simu anaweza kuwasha kwa mkono. Mafundi wengi hufanya hivyo. Lakini fikiria upande wa kuzima. Simu imefunga rilei, moto unawaka, kuna kitu kinanuka kuungua. Bibi wa nyumba hiyo anakimbilia swichi ya ukutani na kuizima. Hakuna kinachotokea, maana mkondo bado unapita kwenye njia ya rilei. Ili azime anahitaji simu, nayo labda iko mfukoni mwa mwanawe aliye mjini.

Ukiziunganisha mfululizo, zote mbili lazima zifungwe ndipo meko iwake. Swichi ya ukutani inakuwa ruhusa: ikiwa imezimwa, hakuna simu yoyote duniani inayoweza kuwasha moto huo. Na ikiwa moto unawaka, kidole kimoja ukutani kinauzima, intaneti iwepo isiwepo. Hasara yake ni kwamba swichi ikisahaulika imezimwa, simu haifanyi kazi, na mwenye nyumba atanung'unika. Mimi ningechagua mfululizo bila kusita. Manung'uniko hayaunguzi nyumba.

Kwa wanaosoma Kompyuta, watatambua kwamba sambamba ni lango la AU na mfululizo ni lango la NA. Fizikia na mantiki zimekutana kwenye waya uleule.

Umeme ukikatika, intaneti ikipotea

Rilei ina miguso ya aina mbili: inayokaa wazi koili isipopata umeme, na inayokaa imefungwa koili isipopata umeme. Kwa meko lazima utumie ile ya kwanza. Umeme wa nyumba ukikatika, koili ya rilei inalegea, miguso inaachana, vali inafunga. Ukitumia ya pili kwa bahati mbaya, kukatika kwa umeme ndiko kutakakowasha moto, kwa sababu themopaili yenyewe haijui habari za gridi.

Umeme ukirudi nako kuna mtego. Vifaa vingi vya nyumba janja vimewekwa virudi katika hali viliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. Kwa taa ni jambo jema. Kwa meko maana yake ni kwamba moto uliozimwa na kukatika kwa umeme saa mbili usiku unajiwasha saa tisa usiku watu wamelala. Lazima kifaa kipangwe kirudi katika hali ya kuzima, na kingoje amri mpya.

Vipi kuhusu muda? Mfumo ukiamriwa "washa, kisha zima baada ya saa moja", nani anahesabu hiyo saa moja? Ikiwa anayehesabu ni kompyuta iliyo mbali, mawasiliano yakikatika katikati, amri ya kuzima haifiki na moto unaendelea. Saa ya kuhesabu lazima iwe ndani ya rilei yenyewe. Kanuni ni ileile ya springi: kuendelea kuwaka ndiko kuhitaji kuombwa upya, na kuzima kunatokea kwenyewe.

Kioo, mtoto na chumba kisicho na mtu

Kioo cha meko kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi na hubaki cha moto muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Watoto wadogo huvutwa na mwanga, wakaweka viganja. Kuanzia mwaka 2015 viwango vya Marekani vinataka meko ambayo kioo chake kinaweza kupita nyuzi 172 za Fahrenheit itengenezwe ikiwa na wavu wa kinga mbele yake. Igeuze kuwa Selsiasi: (172 − 32) × 5 ÷ 9, unapata takribani 78.

Mtu anayewasha kwa mkono yuko mbele ya kioo na anamwona mtoto. Anayewasha kwa simu kutoka barabarani haoni kitu. Hajui kama mtoto amelala kwenye zulia mbele ya meko, au kama mtu ameanika taulo juu ya wavu. Hapa ndipo vihisi vinapoingia. Tuite A amri ya simu, M kihisi kinachosema kuna mtu mzima aliyethibitisha kuwa yumo chumbani (kwa mfano kwa kubonyeza kitufe kilicho juu, mtoto asikofika), na K king'ora cha kaboni monoksaidi. Moto W uwake kwa sharti hili tu:

W = A na M na si K

Ukichora jedwali la ukweli lenye mistari minane, mstari mmoja tu unatoa 1: A ni 1, M ni 1, K ni 0. Mistari saba mingine yote inasema hapana.

Utagundua kwamba sharti hilo linaua ndoto tuliyoanza nayo, ya kufika nyumbani na kukuta moto. Ndiyo, linaiua. Kazi ya kupasha nyumba joto kabla mtu hajafika waachiwe vipasha joto vya kawaida vya nyumba, ambavyo moto wake umefungiwa ndani ya mtambo, wala haukai nyuma ya kioo sebuleni. Meko ingoje mpaka mtu awepo. Simu inabaki na kazi nyingi muhimu: kuzima ukiwa umesahau, kukuarifu kama moto unawaka, kuzima jotoridi la chumba likifika kiwango ulichopanga. Kumbuka kwamba kuzima kwa mbali hakuhitaji sharti lolote. Kuwasha ndiko kunakohitaji masharti.

Meko za aina mpya

Mwali wa kudumu unakula gesi. Tuseme unatumia wati 250: kwa siku ni 250 × 24 = wati-saa 6,000, au kilowati-saa 6, moto mkubwa haujawashwa hata mara moja. Kwa hiyo meko nyingi za sasa hazina mwali wa kudumu. Ukiomba moto, cheche ya umeme inawasha mwali mdogo, kifaa kinahakikisha mwali upo, ndipo vali kuu inafunguka.

Kinahakikishaje bila themopaili? Moto una chembe zenye chaji, kwa hiyo hupitisha umeme kidogo. Kijiti cha metali huwekwa ndani ya mwali na kupewa volteji inayogeuka mwelekeo. Kwa kuwa kichomeo ni kikubwa sana kuliko kijiti, mkondo hupita kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo mwali unafanya kazi kama daiodi dhaifu. Kifaa hupima mkondo wa upande mmoja wa mikroampea chache. Kijiti kikigusa chuma kwa bahati mbaya, mkondo utapita pande zote mbili sawasawa, na kifaa kitajua kwamba hicho si moto. Mada ya daiodi umeisoma kwenye elektroniki. Sasa unajua daiodi moja iliyotengenezwa kwa moto. Kwa upande wa simu hakuna kinachobadilika: bado ni rilei yenye miguso mikavu mahali pa swichi.

Gesi ikivuja

Rilei haiwezi kuzuia bomba lililolegea. Gesi asilia sehemu kubwa ni methani, yenye masi ya molekuli 16, wakati wastani wa hewa ni 29, methani hupanda. Ndiyo aina ya gesi inayotoka Songo Songo. Propani ni 44. Hushuka na kutambaa sakafuni. Kwa hiyo kihisi cha uvujaji wa gesi asilia hufungwa karibu na dari, na cha propani karibu na sakafu. Swali hili la kuoanisha gesi na mahali pa kihisi linapendwa.

Gesi hizo kwa asili hazina harufu unayoweza kuitegemea. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London huko Texas, gesi asilia isiyotiwa harufu ilivuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kunusa. Cheche ya mashine ya umeme katika karakana ilipotokea, jengo lililipuka na karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Mwaka huohuo Texas ilitunga sheria ya kutia gesi harufu. Harufu kali unayoisikia ukifungua mtungi wa gesi jikoni ni ya kemikali zenye salfa, zilizotiwa makusudi. Ukiisikia usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, kwa kuwa miguso inapoachana pia hutoa cheche. Wala usijaribu kuzima meko kwa simu. Rilei nayo ina miguso. Fungua madirisha, funga gesi kwenye chanzo ukiweza, toka nje.

Kaboni monoksaidi ni hatari nyingine, na haina harufu kabisa. Hutokea gesi, kuni au mkaa unapoungua kwa oksijeni pungufu. Hung'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki kujua. Baadhi ya meko zisizo na bomba la kutolea moshi huwa na mwali mdogo uliopangwa kwa ustadi: oksijeni ya chumba ikishuka kutoka asilimia 21 hadi 18 hivi, mwali unajiinua na kuiacha ncha ya themokapo, ncha inapoa, sumaku inaachia. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Juni halina themokapo wala springi. Hakuna kitu ndani yake kinachojua kusema hapana.

Maswali ya kujipima

1. Themokapo moja hutoa milivolti 28. Ni themokapo ngapi za mfululizo zinahitajika ili kupata angalau milivolti 600? (Angalizo: jibu ni namba kamili, na hupunguzi.)

2. Eleza, kwa kutaja themokapo, sumakuumeme na springi, kinachotokea kwenye vali mwali mdogo unapozimwa na upepo. Kwa nini mwali ukizimika vali haiwezi kufunguka tena yenyewe?

3. Themopaili ya volti 0.7 yenye ukinzani wa ndani wa 4 Ω imeunganishwa na koili ya 3 Ω. Tafuta volteji kwenye koili. Ukinzani wa waya na miguso ukiongeza 1.75 Ω, vali inayohitaji volti 0.25 itafunguka?

4. Chora sakiti mbili za swichi ya ukutani na rilei, moja mfululizo na nyingine sambamba. Kwa kila moja, taja nani anaweza kuwasha na nani anaweza kuzima.

5. Jirani anataka kufunga rilei ambayo miguso yake hukaa imefungwa koili isipopata umeme, akidai inapunguza matumizi ya umeme. Mweleze kitakachotokea usiku umeme ukikatika.